Karatasi Niliyoisoma Nusu

Kalemie, tarehe tisa ya mwezi wa tatu. Mvua ilianza kabla ya jua, ikaacha saa mbili, ikarudi saa nne kama mtu aliyesahau kitu. Ziwa limekuwa la kijivu, upepo unatoka upande wa Moba, na bati la jirani linapiga tangu asubuhi. Siendi popote. Basi niandike.

Ninyi vijana wa biro, ile ofisi ya parokia, mnaopokea familia zilizofiwa, mlinijia Jumapili baada ya misa mkaniomba niwaachie maneno. Mlitaka kujua tulikuwa tunafanyaje mtu akifa kwa kosa la mwenzake: kwa gari isiyo na freni ya kuisimamisha, kwa mashua iliyojazwa kupita kipimo, kwa kazi ya hatari. Niliwaambia mimi si avoka. Nilimaliza shule ya msingi, nikaonja sekondari kidogo, baba akafariki, nikatoka. Ila kwa miaka zaidi ya thelathini niliketi na mashini ya kuandika ng'ambo ya tribinali, chini ya kibanda cha bati, nikiandikia watu barua na mashitaka. Mmoja wenu, dada Aline, akanicheka: "Papa, avoka tuko naye. Tunataka ile ya pale kwenye meza."

Haya, ile ya kwenye meza. Sina hakika kama itawafaa. Mkiona nimekosea sheria, mfuateni avoka. Mkiona nimekosea watu, njooni mniambie.

Nianze na kiboko, maana mtanisikia vizuri mkiwa mnacheka. Mwanzoni kabisa, mashini ikiwa bado ya kuazima, alikuja mzee mmoja wa upande wa mto Lukuga. Kaka yake alikuwa amekufa mtoni. Akaketi, akasema: "Andika. Namushitaki."

"Unamushitaki nani, Papa?"

"Kiboko."

Niliona haya kumkatalia mfiwa. Nikatia karatasi na karboni, nikamuuliza adresi ya mshitakiwa, kama nilivyofundishwa.

"Anakaa Lukuga, chini ya daraja. Kila muntu anamujua."

Kwenye meza ya jirani alikuwepo Papa Donatien, karani wa tribinali aliyestaafu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akafuta uso, akahamisha kiti chake, akakaa karibu na yule mzee. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Kaka yako alikwenda mtoni kufanya nini? Nani alimutuma?"

"Hakuna aliyemutuma. Alikwenda kuoga, kama siku zote."

"Kuna muntu aliyepaswa kumukataza, akanyamaza?"

"Hapana."

"Basi, mukubwa wangu, hapa hakuna mashitaka. Hapa kuna kilio tu. Tukusaidie kulia."

Wakakaa pamoja muda mrefu. Sikupiga hata herufi moja, na yule mzee aliondoka akinishukuru mimi, nisiyefanya kitu.

Tangu hapo nilijiuliza swali hilo kwa kila aliyefika na kitambaa cha matanga kichwani: nani alipaswa kufanya jambo, akaliacha? Au nani alifanya lisilopaswa kufanywa? Jibu likikosekana, msimtengenezee mfiwa adui. Adui wa kutengeneza anakula moyo wa mtu kuliko kifo chenyewe. Jibu likipatikana, hapo kazi inaanza, na msiogope ukubwa wa mtu.

Lakini swali linalotangulia yote ni hili: "Umekula?" Msicheke. Mfiwa asiyekula anachanganya siku. Atakuambia ajali ilikuwa Jumanne, shahidi aliitwa Kalunga, kesho atakuambia Alhamisi na shahidi ni mwingine, na avoka wa upande wa pili atamwita mwongo. Mimi nilikuwa na termosi ya chai na mandazi matatu kwenye mfuko wa mashini. Mandazi yale yameshinda kesi nyingi kuliko sisi sote pale kibandani.

Na jina la shahidi liandikwe siku ya kwanza. Bandarini watu wanafuata mizigo. Yule aliyeona kwa macho yake wiki hii, wiki ijayo yuko Moba, mwezi ujao yuko Kigoma anapakua chumvi. Ninyi mna simu: pigeni picha ya mahali kabla hapajafagiwa. Sisi tulikuwa tunachora kwa kalamu. Niliwahi kuchora lori, majistra akaniuliza kama ni ng'ombe.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo tangu asubuhi nalizunguka kwa viboko na mandazi. Ni jambo la Mama Feza.

Mume wake aliitwa Mulunda. Alikuwa mubebaji wa mizigo katika depo moja ya mahindi karibu na bandari. Jina la mwenye depo nitaliacha, tutamwita Patron kama wafanyakazi walivyomwita. Asubuhi moja rundo la mifuko lilianguka, Mulunda akiwa juu yake. Alikufa siku ileile hospitalini. Aliacha mke na watoto watatu, mkubwa akiwa darasa la nne.

Nataka kuwa wa haki kwa kila mtu hapa, kwa hiyo nawaambia: Patron hakujificha. Alifika kwenye matanga kwa miguu, akalia mbele ya watu. Alileta sanduku zuri la mbao, unga na kuni. Kwetu, aliyehusika na kifo asipoonekana matangani, hapo ndipo vita inaanza. Yeye alionekana.

Siku ya pili, kabla ya mazishi, kaka mkubwa wa marehemu, Papa Kyembe, alikuja kunichukua kwa pikipiki. Nilibeba mashini magotini. Alitaka karatasi ya kupokea sanduku. Tukaketi nyuma ya nyumba na kapita wa depo, yule anayesimamia wabebaji. Kapita alikuwa na maneno yake tayari kichwani, Papa Kyembe akitikisa kichwa tu. Nikapiga.

Sehemu ya kwanza ilisema familia imepokea sanduku, unga na kuni, na inamshukuru Patron kwa moyo wake. Sehemu ya pili ilisema marehemu alipanda juu ya mifuko kwa hiari yake, bila kutumwa, akiwa amekunywa, na kwamba familia haina tena neno lolote na depo, leo na siku zote.

Nilisimamisha vidole. Nikamuuliza Papa Kyembe: "Mukubwa, hii ya kunywa, njo kweli?"

Akaangalia chini. "Mimi sikuwa pale. Andika. Muntu wetu analala morge ya hospitali tangu jana, na sisi wenyewe hatuna mbao ya sanduku."

Nikaandika.

Tukaingia ndani. Mama Feza alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kimemfunika uso wote, ameegemezwa kwa shangazi ya marehemu. Nyinyi mnajua: mjane aliye matangani haongei mambo ya biro. Shangazi ndiye mdomo wake. Wanawake walikuwa wanaimba polepole. Mimi nikapiga goti, nikasoma. Nikasoma sehemu ya kwanza kwa sauti nzuri, sanduku, unga, kuni, shukrani. Nilipofika ya pili, nikaangalia kile kitambaa. Ningesemaje mbele ya mwanamke yule kwamba mume wake ni mulevi aliyejiua, na maiti haijatoka hospitalini? Niliona ni ukatili. Nikaruka. Nikasema, "Na kadhalika."

Shangazi akachukua mkono wa Mama Feza, akabonyeza kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Mkono ule ulikuwa laini kama wa mtu aliyelala.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa huruma. Wanangu, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kosa langu lilikuja limevaa nguo za upole, nikalifungulia mlango.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja mwanamke alikuja kwenye meza yangu, uso wazi, mwembamba. Sikumtambua, maana sikuwahi kuuona uso wake. Yeye pia hakunitambua, maana hakuwahi kuuona wangu. Nikamuuliza kama amekula. Akala dazi nusu, nusu akaifunga kwa ajili ya mtoto.

Akasema: "Papa, nilikwenda kwa depo kuuliza watoto watasaidiwa namna gani. Wakanionyesha karatasi. Wakasema niliweka kidole kwamba bwana yangu alikuwa mulevi. Papa, Mulunda alikuwa hanywi. Alikuwa na tumbo la vidonda, hata pombe ya ndizi ilimushinda. Sasa kapita anaisema katika mitaa ya kartye yote. Watoto wakienda kisimani wenzao wanaimba: baba wa mifuko, baba wa chupa. Mimi nataka karatasi ingine, yenye nguvu kuliko ile."

Halafu akafungua kitambaa, akanionyesha kopi. Niliona herufi za mashini yangu, zile zilizokuwa zinapanda kidogo upande wa kulia. Nikajiona nimevuliwa nguo sokoni.

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia arudi kesho, kwamba wino umekwisha. Wino ulikuwepo.

Alipoondoka nilimweleza Papa Donatien yote. Hakunigombeza. Alichovya dazi katika chai, akasema: "Tangu lini wewe unasema 'na kadhalika' juu ya muntu?"

"Niliona haya, Papa."

"Haya ni nzuri. Lakini haya ni ya nani? Ya kwako, ao ya yule mama? Wewe ulijiokoa wewe. Yeye ulimuacha gizani."

"Nikimwambia, ataniletea watu wa parke, wanishitaki. Na nani tena atakaa kwenye meza yangu?"

"Inawezekana hakuna," alisema. Alikuwa mtu asiyependa kutuliza watu kwa uongo.

Kesho yake Mama Feza alirudi. Nilimwambia kabla hajaketi, nikihofu nikichelewa nitapata sababu nyingine. Nilimwambia: mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyesoma nusu, nusu nyingine niliiruka.

Pikipiki zilipita, mtu akaita abiria wa kwenda kituo cha treni. Nilingoja matusi, na kusema kweli niliyataka. Yeye akauliza:

"Ulisema nini mahali pa ile nusu?"

"Nilisema: na kadhalika."

"Na kadhalika," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaketi. "Basi Papa, andika tena. Lakini leo unanisomea yote. Hata yale ya kuniumiza."

Papa Donatien akasogeza kiti. Aliyomwambia siku ile nayaandika hapa, maana ndiyo mnayoyatafuta.

"Mama, njia si moja. Ya kwanza ni parke. Unapeleka mashitaka, majistra anatafuta ukweli, na kesi ikifika tribinali wewe na watoto munasimama ndani yake, munaomba fidia. Ya pili, kama parke inalala, avoka anaweza kumwita yule muntu moja kwa moja mbele ya tribinali. Njia ile ina miiba, usiiendee peke yako. Ya tatu, unaacha mambo ya gereza, unadai fidia tu kwa aliyekosa na kwa mukubwa wake. Na kwa sababu alikufa kazini, kuna tena biro ya kazi na kasha ya serikali inayolipa familia za waliofia kazini, kama Patron alimwandikisha."

"Hakumwandikisha. Alikuwa wa kuitwa kila asubuhi."

"Tutauliza tu. Kuuliza hakuvunji sahani. Lakini tusikawie, sheria ina siku zake."

"Na kupatana? Wakubwa wa familia wanasema nipatane."

"Kupatana si dhambi, Mama. Ni njia ya nne, na kwa watu wengine njo ya kwanza. Lakini mupatano ni wa watu walioelewa wanapatana nini. Na ukipatana, parke inaweza kuendelea na kazi yake. Na sehemu ya watoto si ya baba mukubwa kuitoa hivi hivi."

Mama Feza alichagua parke. Biro hii ya parokia, ambayo wakati ule ilikuwa na chumba kimoja tu nyuma ya sakristia, ikakubali kumpa avoka wa kumsimamia. Tukaanza kukusanya karatasi: ya hospitali, ya kifo kutoka ofisi ya komine, za kuzaliwa kwa watoto. Ndoa yao ilikuwa ya kimila tu, hivyo tulitafuta barua ya mahari na wazee wawili waliokula mbuzi wake. Mmoja alikumbuka mbuzi vizuri kuliko bibi arusi. Msidharau mtu wa namna hiyo, majistra alimsikiliza.

Palikuwa na shida moja ya kuchekesha. Ili asamehewe gharama za tribinali ilibidi apate cheti kwamba ni maskini. Alikataa katakata.

"Mimi si maskini. Niko na mikono."

"Mama, ni jina la karatasi tu," nikamwambia.

"Umeishaniletea karatasi moja yenye jina mbaya. Ya pili sitaki."

Papa Donatien ndiye aliyemshawishi, akimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa nacho cha aina hiyo, kimekunjwa katika Biblia yake. Sijui kama ni kweli. Sikuwahi kuiona hiyo Biblia.

Shahidi alikuwa mmoja: Kasongo, mubebaji aliyemkimbiza Mulunda hospitalini kwa mukokoteni. Alikuwa amesharudi kwao Moba. Tulimtumia ujumbe kwa nahodha wa mashua, na siku tatu nzima mashua haikuja kwa sababu ya upepo. Mama Feza alishuka bandarini kila siku. Siku ya nne Kasongo akafika, amelowa, amebeba jogoo. Tulidhani jogoo ni wa kuuza, kumbe ni pole ya msiba aliyochelewa kuileta.

Mbele ya tribinali Kasongo alisema hivi: bati la depo lilivuja, mifuko ya chini ikaoza. Kapita akamwambia Mulunda apande ashushe ya juu. Mulunda akajibu, "Kapita, ile ya chini imelegea." Kapita akasema, "Kama unaogopa enda kwenu, wengine wako kwenye mulango." Mulunda akapanda.

Kapita aliangalia viatu vyake. Nasema haki: sidhani alitaka mtu afe. Alikuwa na lori linalongoja na Patron anayepiga simu. Lakini alijua mifuko imeoza, na alijua pia nani hana nguvu ya kukataa.

Kisha wakaniita mimi. Avoka wa depo alikuwa kijana hodari, mwenye suti, na alifanya kazi yake, simlaumu. Akainua ile karatasi.

"Papa, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Imeandikwa: baada ya kusomewa. Uliisoma?"

"Niliisoma nusu."

"Kwa hiyo wewe watu wanakulipa kuandika, hawakulipi kusoma?"

Watu wakacheka. Nikaona na polisi wa mlangoni anacheka. Nikajibu: "Wananilipa kwa yote mawili. Siku ile nilifanya moja."

Majistra, mama mmoja mwenye miwani, akauliza taratibu: "Nani alikukataza kusoma iliyobaki?"

"Hakuna, Mama Jaji. Niliona haya kumwambia mjane kwamba marehemu ni mulevi. Nami sikuwa na hakika kama ni kweli. Lakini niliandika."

Aliandika jibu langu neno kwa neno. Sikuwahi kuona mtu akiandika maneno yangu; siku zote mimi ndiye niliyeandika ya wengine. Ni jambo la kutisha. Kila mnapoandika maneno ya mfiwa, kumbukeni kwamba anajisikia kama nilivyojisikia mimi pale mbele ya jaji.

Papa Kyembe naye alisimama, akilia. Akasema alitaka tu kumzika mdogo wake, na kwamba neno la pombe lilitoka kwa kapita. Mama Feza alimwangalia, sikuona hasira. Na Patron, alipoulizwa, alisema: "Mimi niliamini imesomwa yote. Na habari ya mifuko kuoza, ninaisikia hapa." Mimi namwamini. Wengine mpaka leo hawamwamini. Ninyi hamlazimiki kuchagua.

Hukumu ilichukua muda mrefu, tarehe ikisogezwa na kusogezwa, na hiyo nayo ni sehemu ya kazi yenu: kumwambia mfiwa mapema kwamba atachoka. Ilipotoka, ilisema karatasi ile haimfungi mjane, na baba mkubwa hakuwa na uwezo wa kutoa haki ya watoto. Ilisema kapita alikosa, na mwenye depo anajibu kwa kosa la kapita wake. Ikatoa fidia kwa mama na watoto. Jaji akaongeza kwamba sanduku lilikuwa tendo jema na lihesabiwe jema, lakini tendo jema halinunui ukweli. Nadhani alisema hivyo. Labda ninaipamba.

Ila Mama Feza hakuwa akingojea hayo. Tulipotoka nje, kopi mkononi, alinivuta mpaka kwenye ukuta. "Iko wapi ile yake?"

Nikaitafuta kwa kidole. Nikasoma: marehemu Mulunda alipanda kwa kutumwa na msimamizi wake, naye hakuwa amelewa.

"Tena."

Nikasoma tena. Alinisomesha mara tano, midomo yake ikinifuata, mpaka akaweza kuisema bila mimi. Kisha akaenda nyumbani kuisema kwa watoto. Hakuniaga, wala sikuona kwamba namdai kwaheri.

Wiki zilizofuata maneno ya Papa Donatien yalithibitika. Habari ilikuwa imeenea: yule wa mashini husoma nusu. Watu walipita mbele yangu wakaketi meza nyingine. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa akipunguza mwendo kila asubuhi apige kelele, "Na kadhalika!" Nilikuja na kuondoka na mandazi yangu yote matatu. Nilifikiri kuuza mashini. Sikuweza kusema wananionea, kwa sababu hawakunionea.

Siku moja ya soko, nikiwa nimeketi hivyo, Mama Feza alikuja na sinia la karanga za kukaanga. Hakuwa na barua. Aliweka kigoda chake kando ya meza yangu, upande wa barabarani, ambapo kila anayeingia tribinali lazima apite.

"Hapa kuna kivuli," akasema.

Kibanda kilikuwa na kivuli kidogo sana, na saa ile jua lilikuwa linampiga usoni. Sikumwambia. Watu waliomjua walisimama kununua, wakamwangalia yeye, wakaniangalia mimi. Mama mmoja mwenye kitambaa cha matanga alikuja akanong'ona naye muda, kisha akaketi mbele yangu. Nilimuuliza kama amekula. Mama Feza akamjazia karanga kiganjani bila kugeuka, akaendelea kuita wateja. Akakaa pale mpaka sinia likaisha, na kesho yake akarudi.

Mvua imeacha sasa. Mke wangu ananiita mara ya tatu nikalale. Jioni hii tumekula bukari, ugali wetu wa muhogo, mboga ya sombe, na ndakala, samaki wadogo wabichi walioletwa na jirani. Palikuwa na pilipili nyingi, na mjukuu alilia kidogo, akaomba tena.